Mifupa ya Nyumba ya Dada Yangu

Dada yangu alikataa kuingia katika nyumba aliyojengewa bure, akasema mumewe anapumua ndani ya ukuta. Mume mwenyewe alikuwa amechukuliwa na mto. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mimi nikianza kuzungumza huwa napitia Katunguru kula samaki kabla ya kufika Bwera ninakokwenda, na msikilizaji akichoka njiani anaondoka bila kujua safari ilikuwa ya nini. Safari ni hiyo: nyumba, dada, na pumzi.

Kazi yangu ilikuwa kufunga nondo. Shule niliiacha darasa la pili, mbuzi wa baba walipokosa mchungaji, kwa hiyo vipimo nilijifunza kwa shubiri na kwa jicho. Nimefunga vyuma vya maduka ya Kasese, vya shule kule Kitswamba, vya matangi ya maji, mpaka waya wa kufungia ukaniachia alama vidoleni ambazo hata sabuni ya mjini haizitoi. Na miaka yote hiyo nilijua jambo moja, kwamba nyumba huanza na mifupa. Hata zile za zamani za mlimani: unasimamisha nguzo, unasuka matete na mianzi, nyumba inasimama uchi unaona mpaka upande wa pili, ndipo udongo unakuja kama nyama. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuwa vinginevyo.

Sasa mto. Ule unaotutenga na Kongo ulishuka siku moja umebeba mawe makubwa kama ng'ombe waliolala. Ulichukua nyumba ya dada, ukachukua shamba la kahawa, ukachukua shemeji yangu aliyekuwa amerudi ndani kutoa redio. Tulimtafuta mpaka mahali mto unapolala nyikani. Hatukupata hata kiatu. Wazee wakataka tuzike mgomba mahali pake, kama inavyofanywa mtu asipoonekana. Dada akasema hakuishi na mgomba, aliishi na mtu, na mtu akipatikana atamzika. Basi. Akahamia stoo ya kanisa, akalala kati ya mabenchi yaliyovunjika na ngoma ya kwaya, na hapo akakaa mvua baada ya mvua, akikonda.

Ndipo walipokuja watu wa mashine. Walikuwa wageni wachache pamoja na injinia mmoja, binti wa Kampala, mdogo kuliko wajukuu wangu wakubwa. Walitaka kujaribu kujenga nyumba kwa mashine, kwa mchanga wetu na saruji inayotoka hapo Hima. Viongozi wa eneo wakamtaja dada yangu: mjane, hana kwake, na kiwanja anacho juu ya kilima mbali na mto. Masharti yalikuwa mepesi. Mashine ikipandishwa kwenye lori kuondoka, nyumba iwe imekamilika na mwenyewe yumo ndani. La sivyo inakuwa stoo ya mbegu, na dada anabaki na mabenchi yake.

Mimi na rafiki yangu tulichukuliwa kuwa vibarua. Rafiki huyo ni mwashi, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kujipiga msalaba hata akiona paka, aliyekimbia vita akaja kuoa kwetu. Yeye ni Mnande, mimi ni Mkonzo, maana yake ni watu wamoja tuliokatwa na mpaka. Tulikuwa tumejenga pamoja miaka mingi, yeye matofali, mimi vyuma.

Siku mashine ilipoanza tulisimama nje ya turubai kubwa waliyotundika kuzuia jua. Ilikuwa na mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono mdomo, na nyuma ya mdomo bomba nene lililokuwa likitetemeka kama nyoka aliyemeza kitu. Mkono ukazunguka. Mdomo ukatoa zege laini kama ugali wa wagonjwa, utepe mmoja mrefu, ukazunguka tena, utepe juu ya utepe.

"Papa," mwashi aliniambia kwa sauti ya chini, "hii kitu inakunya nyumba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nami nikaacha, kwa sababu niliona alichokuwa anakiona. Ukuta ulikuwa unapanda bila mtu kuugusa. Nyumba zote nilizowahi kujenga, ukitafuta vizuri, mahali fulani utakuta vidole vya mtu, au alama ya goti, au jina la mpumbavu fulani aliyeandika kwa msumari. Huu ulikuwa na mikunjo tu, mikunjo sawasawa mpaka juu, kama shingo ya kobe. Na kimya. Mafundi wakijenga wanatukanana, wanaimba, wanaitana majina ya wake zao. Pale watu wote walisimama mikono mitupu, mkono wa chuma ukipita mbele ya nyuso zetu, na kila ulipofika kona ulisita kidogo. Ulisita kama mtu aliyesikia akiitwa. Kisha ukaendelea.

Nilimwendea injinia. "Binti, mifupa iko wapi?"

"Inakuja, mzee. Tunaanza na nyama. Mkono hauwezi kuzunguka kama nondo ndefu zimesimama njiani, utazigonga."

Akanieleza kwa subira, na nitasema ukweli, alieleza vizuri. Zege peke yake linabeba mzigo kama punda, lakini ukilivuta halina moyo, linakatika. Tena huu ukuta ni tepe zilizolalia tepe, na tepe zinaweza kuteleza mahali zinapokutana. Kwa hiyo kila baada ya tabaka kadhaa mashine ilisimamishwa, tukalaza waya juu ya zege bichi, utepe unaofuata ukaufunika. Kisha tulichomeka pini zilizopindwa kama vigingi vya mbuzi, zikashuka kupitia matabaka na kuyashona pamoja. Na mwisho ndiyo kazi yangu hasa. Ukuta ule ulikuwa na ngozi mbili, ya ndani na ya nje, na katikati matundu yanayotoka juu mpaka chini, penye kona na penye milango. Chini ya kila tundu kulikuwa na chuma kifupi kilichochomoza kwenye msingi. Ukuta ukikauka, nashusha nondo ndefu kwa juu mpaka ilale ubavu kwa ubavu na kile kifupi, halafu tunamimina uji wa saruji mpaka tundu lijae.

Mimi sikuamini. Nilimwambia mifupa inayoingizwa kooni haishiki. Akanipeleka nyuma, kwenye vipande viwili vya ukuta alivyotengeneza kwa majaribio, kimoja kitupu, kingine kina chuma kwa njia hizo hizo. Wakavisukuma kwa jeki ya lori. Kile kitupu kilikatika mara moja, paa, kama muhogo mkavu, na kilikatikia pale tepe zinapokutana. Kingine kilipasuka nyufa nyembamba, kikainama, kikakataa kuanguka. Basi nikarudi kwenye nondo zangu. Nilikuwa nimekosea, na kukosea mbele ya jeki hakuna ubishi.

Sasa nifike mahali penyewe. Sisi mafundi wa huku tuna namna yetu. Tundu la mwisho la ukuta fundi halizibi. Ukiwa unakandika nyumba ya mtu unaacha nafasi, ya kupita mkono, na mwenyewe anakuja kuiziba kwa udongo anaouchukua kwa kiganja chake. Nyumba iliyozibwa yote na mtu mwingine huwa haimjui mwenyewe. Anakaa ndani kama mgeni. Hili hatulijadili, ni kama kunawa kabla ya kula. Kwa hiyo mimi na mwashi tulishusha nondo zote na kumimina uji matundu yote isipokuwa moja, la kona ya chumba cha kulala, upande wa mlima. Nondo yake tuliilaza pembeni, mdomo wa tundu tukaufunika kwa gunia. Injinia alipouliza tukamwambia tumemaliza. Na kwetu tulikuwa tumemaliza! Lililobaki lilikuwa la dada. Dada alikuwa na malaria wakati ule, amelala stooni anatetemeka, tukasema atakuja akipona. Paa likapanda. Gunia likabaki juu, chini ya ukingo wa mabati, mahali upepo na manyunyu hupenya.

Kwetu alasiri upepo hushuka kutoka mlimani. Kasese mjini watu wanaupenda kwa sababu ya joto, wanatoa viti nje. Nilikuwa nasawazisha kizingiti cha dirisha, mwashi akiwa chumbani, nikamwona anatoka kinyumenyume, mwiko bado mkononi.

"Mukubwa. Kuja usikie."

"Nisikie nini?"

"Kuja tu. Mimi sisemi."

Niliingia. Chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha, jua likiingia dirishani mpaka sakafuni. Hakukuwa na mtu. Na kwenye kona kulikuwa na mtu anapumua. Pumzi ndefu ya kuvuta, kisha kimya, kisha ya kutoa, na mwisho wake filimbi ndogo.

Ningeweza kudanganya hapa niseme sikujua ni upepo. Nilijua. Upepo ukipita kwenye mdomo wa chupa hulia, na tundu lile lilikuwa chupa ndefu. Lakini shemeji yangu ujanani alifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi, vumbi likamkaa kifuani, na pumzi yake ilikuwa na filimbi hiyo hiyo mwishoni. Nimekunywa naye tonto, ile pombe ya ndizi, miaka mingi, tukibadilishana mrija. Ile filimbi naijua kama ninavyojua mlango wangu. Nywele za mikono zilinisimama, na nilikuwa natazama jua sakafuni.

"Ni upepo," nilisema.

"Ndiyo, ni mupepo," mwashi alisema, akajipiga msalaba. "Lakini mupepo ya nani?"

Tukakubaliana dada asisikie. Mtu akikubaliana jambo kama hilo na mwashi wa Butembo ni bure, maana mke wake alijua kabla ya jua kuzama, na dada alijua kesho yake. Alikuja kwa miguu, amejifunga leso kichwani, macho bado ya njano kwa homa. Mwashi alikuwa ameshakoroga uji wa saruji kwenye karai ili amalizane na lile tundu haraka. Dada hakulitazama karai. Aliingia chumbani, akaweka sikio kwenye ile mikunjo, akasubiri upepo. Upepo ukaja.

Alikaa hivyo muda mrefu mpaka uji ukaanza kukaza.

"Ni yeye," akasema. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kitu kwenye mfuko wa koti la zamani.

"Dada, ni upepo. Tundu liko wazi juu."

"Wewe mutoto wa mama, unanifundisha mwanaume niliyelala naye?"

"Tuzibe, uingie. Nondo ile pale."

"Mukiziba, munamzika. Na hamtamzika wakati mimi nimemupata leo."

Akasema ataingia katika nyumba, ndiyo, atalala hapo hapo kwenye kona, lakini tundu libaki wazi.

Injinia aligundua kwa kugonga. Alipita kuta zote na nyundo ndogo, na penye uji ndani ukuta ulijibu kwa sauti nzito, ko, ko. Kwenye kona ile ulijibu kama mtungi. Alitugeukia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema kona ile haina mfupa, waya na pini peke yake havitoshi, na ardhi hii ya kwetu hutikisika, sisi wenyewe tunajua. Kona ikifunguka, ukuta wa chumba unalala juu ya kitanda. Hawezi kumkabidhi mtu nyumba hiyo.

Nilimweleza kwa nini tuliacha tundu. Alisikiliza. "Mngeniambia, mzee," alisema. "Ningemngoja hata mimi." Kisha nikamweleza la pumzi, nikiona aibu, naye akaenda akasikiliza, akarudi amefunga mikono kifuani kama mwenye baridi. Akatafuta njia nyingine. Kuna kamba ya chuma, alisema, inayopita ndani ya tundu na kukazwa kwa nguvu juu na chini, bila kumimina kitu, na tundu linabaki wazi. Nikafurahi. Lakini kamba hiyo inataka kushikiliwa chini kwenye msingi, na msingi ulishamwagwa bila kishikio chake. Au mikanda ya chuma upande wa nje, na hiyo iko Kampala. Na lori la kubeba mashine lilikuwa limeshapita Hima, linakuja.

Walikuwa wanabishana mlangoni, injinia akisema mama nakuomba, dada akisema mwanangu hujaolewa hujui kitu, wakati ardhi ilipotikisika. Haikuwa kubwa. Mbwa walinyamaza kwanza, hilo nalikumbuka, halafu mabati yakacheza, halafu chini ya miguu pakapita kitu kama lori zito linalopita chini ya barabara. Tulikimbia wote uwanjani. Dada hakukimbia. Aliingia ndani.

Nilimwita. Mwashi alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, "Mama Maria, Mama Maria." Ikapita. Mabati yakatulia. Tukabaki tumesimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia katika ule mlango.

Akatoka mwenyewe, polepole.

"Amekohoa," alisema.

Tuliingia kutazama. Kwenye kona, kati ya tepe mbili, juu kidogo ya mahali kitanda kingekaa, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na uvundo wa unyevu ukitoka hapo. Kona nyingine zote zilikuwa nzima. Injinia alipitisha ukucha wake kwenye ufa. Dada naye aliutazama. Nilingoja aseme jambo la kuanzisha ugomvi upya.

"Alikuwa akikohoa hivyo asubuhi za baridi," alisema, "akitaka nimfunike." Akakaa sakafuni. "Yuko wazi huko juu. Mvua inamunyeshea. Mimi nimekaa namusikiliza tu kama mujinga."

Halafu akaniambia, "Lete chuma chako."

Alitaka kwanza kushusha leso yake ndani ya tundu. Injinia alikataa kwa upole, kitambaa kinaharibu mshiko wa uji na chuma. "Basi nitasema naye," dada akasema. Akapanda ngazi, mgonjwa yule, nikiwa nimemshika vifundo vya miguu, akaondoa gunia, akainamisha kichwa kwenye lile tundu na kuanza kumpa habari. Alimwambia nani amekufa na nani ameolewa. Alimwambia kahawa imekwenda yote. Alimwambia redio alikuwa na haja gani nayo, mjinga yeye. Wale wageni walivua kofia zao bila kujua lugha. Mwishowe akashuka, akasema, "Haya."

Tuling'oa bati la juu ya kona, nikashusha nondo. Ilikwenda vizuri, nikiisikia ikikwaruza mikunjo ya ndani, mpaka ikasimama. Haikuwa imefika chini. Mkono wangu unajua urefu wa nondo, ilikuwa imebaki kama dhiraa. Kitu kilikuwa kimeishika, na si kigumu, kilikuwa kinarudisha kidogo kidogo kama godoro. Nilimtazama mwashi, mwashi akatazama pembeni. Nikaipandisha. Ncha yake ilikuwa na matope meusi laini, yale ya kingo za mto, yenye vimeta. Mchanga tuliotumia ulikuwa mwekundu. Injinia akasema mvua imeingia kupitia gunia ikaosha vumbi. Inawezekana. Nilifuta ncha kwa suruali yangu, nikashusha tena, na safari hii ikafika chini moja kwa moja, ikagonga msingi, ngi, ikalala ubavu kwa ubavu na chuma kifupi.

Dada akamimina bakuli la kwanza kwa mkono wake. Mengine tukampokea. Mwashi alikuwa akichokoa kwa ufito ili hewa itoke, kama inavyotakiwa, na pumzi za hewa zikawa zinapanda na kupasuka mdomoni mwa tundu, bwabu, bwabu, kubwa kwanza, kisha ndogo. Kila mmoja wetu alikuwa anazisikiliza. Ile ya mwisho ilichelewa sana. Tulidhani zimekwisha, mwashi ameshaweka ufito chini, ndipo ikaja, ndogo, ikapasuka na filimbi. Dada akasema, "Ndiyo. Lala."

Kesho yake alasiri upepo ulikuja, mabati yakalia kidogo, na kona ikanyamaza. Dada alikuwa amesimama ameweka kiganja kwenye ukuta. Niliogopa kwamba kimya kitamrudisha stooni. Nje, wageni walikuwa wanafunga mkono wa mashine kwa minyororo juu ya lori.

"Kuja ushike," aliniambia.

Nilishika. Kuta zote za nyumba ile zilikuwa za baridi, maana chumba kilikuwa na kivuli tangu asubuhi. Ile kona ilikuwa na joto. Ilikuwa joto la mgongo wa mtu aliyelala.

Injinia akaja, akaweka mkono wake kando ya mikono yetu. Akasema saruji ikikaza hutoa joto, ni kawaida, na uji mwingi mahali pamoja hulihifadhi. Litapoa taratibu, kesho au kesho kutwa halitakuwepo.

"Kesho?" dada aliuliza.

"Au kesho kutwa, mama."

Dada alifungua leso, akaifunga upya kwa kukaza. "Basi munangoja nini?" akatuambia mimi na mwashi. "Kimbieni kanisani mulete godoro langu sasa hivi, kabla hajapoa."

Tulilileta kichwani, tukipokezana, na lori likatupisha njiani.